Dar Ipi Hiyo Unayonunua?

Mxiuuu! Eti "nataka kununua nyumba Dar es Salaam." Dar ipi, mwanangu? Dar ya siku hizi haina mwisho. Mtu analala Mapinga, wilaya ya Bagamoyo kabisa, mkoa wa Pwani, ukimpigia simu anakwambia yupo Dar. Mwingine yuko Vikindu, wilaya ya Mkuranga, naye yupo Dar, "foleni tu ndiyo imenishika." Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoa mzima, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja na ushei hawakwenda kubanana Kariakoo, maana Kariakoo hapana pa kutia hata mguu. Wamekwenda huko ambako kondakta akipiga bati na kutangaza mwisho wa gari, wao ndiyo kwanza wanaanza kutafuta boda.

Kijana mwenyewe tunamjua. Amepanga vyumba viwili hapa hapa Mwananyamala, mtu wa ofisi, suruali imenyooka, mkewe nesi, watoto wawili, wa tatu yuko njiani (hilo hajasema yeye, kasema mama wa vitumbua, na mama wa vitumbua kwenye mambo hayo hajawahi kukosea). Wamekusanya akiba, wakaongeza mkopo wa mshahara, na dalali kawaonyesha vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba ya Kiswahili, mitaa miwili kutoka hapa kijiweni: vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani, baraza mbele, bati limekula kutu. Cha pili ni nyumba mpya Madale. Si Madale ya lami, Madale ya ndani. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule ya kuchezea mpira, vigae vinang'aa, geti jeusi. Bei, ukishazipunguza chumvi ya dalali, hazipishani sana.

Na kijana anachagua nyumba kama mtu anayechagua kanzu ya Idi: anaiangalia ilivyokaa, anageuka, anatabasamu. Roho yote iko Madale.

"Huku mnanunua joto na makelele," dalali anamwaga sera, kikombe cha kahawa mkononi, kahawa ya kukopa. "Kule bosi wangu ananunua hewa. Watoto wanacheza uwanjani, mama anafuga kuku, gari linalala ndani, na jirani hajui umekula nini."

Fundi cherehani akasonya bila kuinua kichwa kwenye kitambaa. "Watoto wanacheza saa ngapi?"

Swali zuri hilo, na dalali hakulijibu. Nitalijibu mimi. Mtoto wa Madale ya ndani anayesoma shule ya gari anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri, kwa sababu gari la shule linaanza kukusanya watoto tokea huko mwisho linarudi mjini. Pitia Mwenge kabla hakujapambazuka uyaone. Taa za ndani zinawaka, vichwa vimeegemea vioo, midomo wazi, tai shingoni, begi limepakatwa na mwenyewe yuko usingizi wa pili. Jioni analetwa magharibi imeshaadhiniwa. Anakula, anasinzia kwenye daftari, analala. Uwanja aliojengewa anacheza mbwa.

Baba naye ana yake. Kama hana gari na kazi iko Posta, itabidi ajifunze kugeuza. Watu wa mbali wanalijua hilo: jioni unapanda daladala inayokwenda upande usio wako, mpaka mwisho wa njia, unalipa nauli ya bure, ili ikigeuka uwe umeshakalia siti. Mtu mzima na ndevu zake anazungushwa mji ili apate pa kukaa. Asipogeuza, anasimama mguu mmoja mpaka Tegeta, halafu boda.

Hiyo boda ndiyo Mwalimu aliikalia chonjo. Mwalimu mstaafu wetu hana maneno mengi ila ana kalamu, na kalamu yake haikai mbali na gazeti. Akaandika pembeni mwa ukurasa wa michezo: kutoka lami mpaka getini 2,000, asubuhi na jioni 4,000, siku za kazi 22, jumla 88,000 kwa mwezi. Akazidisha kwa 12, ikaja 1,056,000. "Na huyu ni mtu mmoja," akasema, "bado daladala, bado mkewe, bado siku za mvua ambazo boda anapandisha bei au anakataa kabisa. Kijana, utakuwa umehama kwa mwenye nyumba ukapange kwa mwenye pikipiki."

Dalali akasema bosi wake atanunua gari. Nyoo! Kale ka-IST si mmeshakaona kanavyoteseka kwenye yale makorongo? Lami yenyewe unaifikia umeshachoka, halafu unakuta nusu ya mji wa kaskazini imeshapanga foleni Barabara ya Bagamoyo inakungoja wewe. Mafuta unayoyachoma umekaa palepale ni mafuta yale yale ya kwendea Morogoro.

Hapo mama wa vitumbua akauliza, anageuza vitumbua vyake wala hatutazami: "Huyo mkewe nesi si anaingia zamu za usiku? Atatokaje huko? Kuna aliyemuuliza?"

Kijana akasema, "Yeye atapapenda tu, mama, akishapazoea."

Kijiwe kizima tulisonya kwa mpigo mmoja, mpaka anayecheza drafti akasahau kula kete ya mwenzake.

Maana jambo lenyewe liko hapo, na mimi nitalisema hata kama kijana ananuna. Nyumba za mbali wengi wanazichagua wanaume na anayezilipia ni mwanamke. Anayeshuka boda saa tatu za usiku kwenye njia isiyo na taa ni yeye. Boza la maji likigoma kuja, anayepanga ndoo ni yeye. Mtoto akishikwa na homa usiku, baba yuko kwenye simu anatafuta dereva anayekubali kuingia huko ndani, mama ndiye amembeba. Wanaume tunapenda geti. Tunapenda kupiga picha mbele ya geti.

Hebu nendeni siku ya kazi, Jumatano tuseme, saa tano asubuhi, mtembee mtaa mmoja wa huko ndani. Kimya. Mageti yamefungwa, dada wa kazi anaanika nguo, redio inaongea peke yake. Nyumba ya vyumba vitatu na masta, aliyeijenga anaiona kwa taa ya umeme tu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Na majirani wanajuana kwa rangi ya mageti: "yule wa geti la kijani amefiwa." Amefiwa na nani? Hawajui.

Mwalimu akatupoza. Yeye hapendi tukimbilie hukumu. "Na Sinza je?" akasema. "Sinza mnayoiona mji, miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia wanapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, waliopata waliambiwa wanakwenda porini. Leo muulize mtu bei ya kiwanja Sinza uone atakavyocheka. Magomeni hii ilikuwa nje ya mji, na bado wazee walihamia. Nyumba aliyoishi Nyerere Magomeni enzi za kudai uhuru leo ni makumbusho, watalii wanaingia na kamera. Kila mtaa mkongwe ulianza ukiwa mbali."

Kweli tupu, sina ubishi nalo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja ule mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni. Wengi walipewa fomu wakaziweka droo, eti nani aende kuishi na nyani. Waliozijaza leo tunawaamkia shikamoo hata kama tumewazidi umri. Mivumoni yenyewe ni jirani kabisa na huko Madale anakotamani kijana. Kwa hiyo anayesema "mji utanifuata" hasemi uongo. Mji unafuata. Lakini unafuata kwa miaka kumi, kumi na tano, na mtoto wa darasa la kwanza haisubiri lami; ikifika yeye anamaliza chuo.

Halafu kuna kitu dalali anakiruka kila mara. Mivumoni ile ya mradi iliingia na ramani. Bikoni zipo, barabara ina upana wake, pa shule na pa zahanati pameachwa. Madale ya ndani nani kapima? Mwenye shamba kamkatia mtu hatua ishirini kwa ishirini, mwanawe kamkatia mwingine, mjukuu kauza kichochoro. Kila mtu kavuta ukuta wake mpaka mwisho, njia iliyobaki inapita kirikuu kwa kubembeleza, na kirikuu mbili zikikutana mmoja anarudi kinyumenyume mpaka kwa mangi. Ndiyo nje ya mji hiyo mliyokimbilia nafasi! Mtu amekimbia kubanana Mwananyamala akaenda kubanana Madale, tena kwa ukuta wa matofali.

Karatasi zake sasa. Mkataba wa kurasa mbili, mashahidi wanne, muhuri wa serikali ya mtaa, na kuna mitaa ukiuza au ukinunua wanataka asilimia kumi yao. Nionyesheni kifungu cha sheria kinachosema hivyo, nipo hapa kila siku. Ofisi ya mtaa inashuhudia, haimilikishi mtu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na wewe unapewa haki ya kuikalia: miaka 33, 66 au 99. Hati ndiyo inayosema hivyo. Sehemu kubwa ya Dar haina hati. Wengine wana leseni ya makazi, ambayo kisheria haizidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa, wengine wana muhuri tu na dua. Ukaja urasimishaji wa makazi, watu wakachangishana mtaa mzima, kampuni ya upimaji ikaja ikachimbia mawe ya bikoni, ikapiga picha, na kuna mitaa mpaka leo wanaonyeshana mawe tu. Simu ya mpimaji inaita mpaka inakata.

Halafu kuna yale yaliyowapata watu wa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017. Nyumba nzuri, za watu wenye akili zao, wengine wamezikalia miaka na miaka, zikapigwa alama ya X nyekundu. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro kule ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Greda halikuuliza vigae ni vya wapi. Na Kigamboni msiisahau: mwaka 2008 ukatangazwa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wasubiri fidia, wakasubiri, nyufa zinaongezeka ukutani na mtu anaogopa kuziba. Miaka ikapita mji mpya haukuja. Lililokuja ni daraja, mwaka 2016, nalo lilikuja na tozo yake.

"Kwa hiyo wazee mnasema ninunue huku?" kijana akauliza, uso umeshuka.

Taratibu, mwanangu. Msinione nasifia Mwananyamala mkadhani nimelipwa.

Tuanze na choo. Mnajua kinachofanyika mvua za masika zikianza, usiku wa manane, mtu anasikia maji yanakwenda kasi kwenye mfereji? Kuna wanaotapisha vyoo. Wanatoboa shimo la choo kwa pembeni, mzigo unaondoka na maji ya mvua, asubuhi watoto wanaruka madimbwi wanakwenda shule. Gari la majitaka lingekuja, lakini lipite wapi? Nyumba za Kiswahili zilijengwa mwenye nyumba akiwa na familia moja na wapangaji wawili watatu. Leo nyumba ile ile ina kaya sita na choo ni kile kile. Dalali hamwonyeshi mteja uani wakati wa masika, anamwonyesha Agosti.

Kelele sizisemi sana. Baa ya kona, spika ya mahubiri, kigodoro cha Jumamosi ambacho singeli inatikisa mpaka kabati la vyombo. Utazoea au hutazoea. Mimi nimezoea, siku kukiwa kimya silali.

Bondeni ni habari nyingine. Kama nyumba iko upande wa bonde, isiwe hata kwa bei ya zawadi. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulijaa, watu wakakaa juu ya mapaa, na serikali ikawapeleka wengi Mabwepande, huko nyuma ya Bunju, wakapewa viwanja. Tena viwanja vilivyopimwa, jamani. Na bado wapo waliovipa mgongo wakarudi bondeni. Watu waliwaita wajinga. Mimi siwaiti wajinga, kibarua chao kiko Kariakoo, mama anauza samaki Feri alfajiri, Mabwepande angefikaje Feri saa hiyo? Alipima maji ya mara moja kwa mwaka na njaa ya kila siku, akachagua maji. Hesabu ile ile ya Mwalimu ya boda, ila yeye hakuwa na kalamu.

Na hata pasipo maji, jirani wa mtaa mkongwe siku hizi hana subira. Leo ni nyumba ya bati, kesho ameingia ubia na mfanyabiashara, keshokutwa ghorofa limesimama dirishani kwako, hewa kwaheri, jua kwaheri. Kariakoo ndiyo shule ya haya mambo. Novemba 2024 ghorofa lilianguka pale likaua watu zaidi ya 20. Anayenunua mtaa mkongwe aulize jirani zake wa kulia na kushoto wana mpango gani, wala asione haya.

Dereva wa bajaji, aliyekuwa kimya muda wote anasugua kioo, akachomekea: "Mbona hamsemi ghorofani? Si kuna nyumba za kununua ghorofani?"

Zipo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inakupa hati ya sehemu yako kwenye ghorofa, si lazima umiliki jengo zima. Lakini uulize lifti inatengenezwa kwa fedha za nani na pampu ya maji ikifa mnaichangia vipi. Sisi kuchangiana paa hatujazoea. Na asitokee mtu wa kukuuzia nyumba ya Shirika la Nyumba Upanga au Kariakoo "kimyakimya." Mengi ya majengo yale serikali iliyachukua kwa sheria ya mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba kabla ya kwenda Shirika la Nyumba. Anachokuuzia yule ni kilemba, kwamba yeye atoke wewe uingie. Hujanunua hata kitasa. Magomeni Kota nako msipeleke tamaa. Mwaka 2022 zile ghorofa zilizinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye zile kota za zamani, kwa hiyo dalali akikunong'oneza kuna "nafasi moja ya haraka," mnunulie kahawa umwambie asante.

Sasa faida ya nyumba hii ya bati lenye kutu. Vyumba sita. Wewe na familia mkae vitatu, vitatu upangishe. Kodi ya wapangaji inakusaidia kulipa mkopo wa mshahara. Baraza la mbele likigeuzwa fremu, kuna mtu atataka kuuza vocha na soda. Madale utampangisha nani, mlinzi? Shule ya msingi watoto wanakwenda kwa miguu na kurudi kula mchana. Hospitali ya Mwananyamala mkeo anaiona. Saa nane usiku mtoto akibanwa kifua, unatoka nje unapiga mluzi bajaji tatu zinawaka. Ukifiwa, kabla hujamaliza kulia turubai limeshafungwa na mtaa umeshazibwa. Hata kodi ya jengo, ile wanayokata kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, ni ile ile Mwananyamala na Madale. Hapo tu ndipo hizi Dar mbili zinapolingana.

Kwa hiyo kura yangu ni huku. Naisema wazi, na Mwalimu anaweza kuniandikia pembeni mwa gazeti. Na ukinikatalia huku, basi nje ya mji tafuta kiwanja kilichopimwa karibu na lami, hata kama ni kidogo, hata kama huna masta, kuliko jumba la vigae kichochoroni. Ila huku nako kuna mtego mmoja, nao ndio mkubwa kuliko choo na kelele na ghorofa la jirani vyote kwa pamoja.

Mmeona ukuta wa ile nyumba ya pili kutoka msikitini? Rangi nyeusi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Nani kaandika? Mmoja wa warithi. Kwa nini? Kwa sababu mrithi mwingine anaiuza. Nyumba za mitaa hii wengi waliozijenga wameshatangulia mbele ya haki. Mzee aliacha wake wawili, watoto tisa, mmoja yuko Mwanza, mmoja Muscat, mmoja hajulikani alipo, na nyumba moja. Hati ina jina la marehemu, na marehemu hasaini. Anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye si mwenye mali, anasimamia tu kwa niaba ya wenzake. Akikuuzia bila wenzake kujua, watajua siku unapoanza kubomoa choo. Watakuja na zuio la mahakama, fundi atashuka darini na nyundo yake, na fedha za mkopo wa mshahara benki haitaacha kuzikata hata mwezi mmoja.

Kama mwenye nyumba yuko hai, bado. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusi mume auze nyumba ya familia kwa siri mke hajaridhia, wala mke kumfanyia hivyo mume. Ridhaa hiyo iandikwe. "Mama yuko safari, amekubali kwa simu" siyo ridhaa. Kuna ndoa humu mjini zimevunjika simu ikiwa bado sikioni.

Kwa hiyo mtu wa kununua huku, kabla ya kugusa ukuta, aende ofisi ya ardhi akafanye upekuzi wa hati, ajue ni ya nani, ina deni benki au haina, ina zuio au haina. Aone barua ya mahakama ya usimamizi, na asiridhike na kopi aliyonayo dalali. Aende mahakama yenyewe iliyoitoa. Halafu warithi waje, wote, waketi uani, mwanasheria awepo, kila mmoja aseme mwenyewe kwa mdomo wake anauza na atapata ngapi. Ni kazi ya wiki nyingi. Dalali anaichukia kama ukoma, maana mteja akikaa wiki nyingi anapata akili.

Dalali akasema kwa nyumba ile ya bati bosi wake hana haja na mlolongo wote huo, msimamizi yupo, barua ipo, familia imeshakubaliana, wanne wamesaini.

Jumamosi mke wa kijana akaja mwenyewe kuiangalia. Alitoka zamu, bado ana viatu vyeupe. Mumewe na dalali wakamwonyesha vyumba, dalali anapiga ukuta kwa kiganja, "sikia, tofali hili." Mkewe wala hakuinua macho kutazama bati. Akapita korido moja kwa moja mpaka uani, akavuta kigoda karibu na bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni pa chumba cha nyuma, akaanza kuchambua naye. Wakaongea. Dalali akaanza kutazama saa.

Aliporudi barazani akamuuliza dalali, sauti ya chini, ile wanayoitumia manesi kwa mgonjwa mkorofi: "Kaka yangu, yule bibi ni nani?"

"Yule? Ni ndugu tu wa pale. Hana neno."

"Ameniambia yeye ni mke mdogo wa marehemu. Anasubiri wanawe wawili watoke Tanga ndipo wagawane. Kwenye hizo saini zako nne, yeye na wanawe ni ya ngapi?"

Dalali akacheka kidogo. "Dada yangu, nimekwambia yule hana neno."

"Vizuri." Akafungua pochi, akatoa karatasi na kalamu, akaviweka juu ya baraza. "Basi tumwite aandike hapa kwamba hana neno, na dole gumba aweke. Sisi tutamsomea."

Dalali akakumbuka ana mteja anamsubiri Madale.